Kabete na Githunguri: Vyuo Viwili na Jadi Iliyogombaniwa

Tuanze na neno lenyewe, maana sisi wapenzi wa lugha mlango wetu ni huo. Neno *mwalimu* lina asili ya Kiarabu, *muallim*. Lilipofika pwani, masikio ya Waswahili yaliisikia silabi yake ya kwanza, *mu-*, yakaichukua kuwa ndugu wa kiambishi chetu cha watu. Basi likaingizwa katika ngeli ya M-WA bila kuulizwa hati ya kusafiria: mmoja mwalimu, wengi walimu, na kazi yao ualimu. Mwarabu hana *walimu* wala *ualimu*. Maumbo hayo yamezaliwa hapa, kwa mama wa hapa.

Neno *chuo* nalo lina safari yake. Katika lugha ya watunzi wa kale chuo ni kitabu. Ule Utenzi wa Tambuka uliotungwa Pate, wenye tarehe ya 1728, unajulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali. Kutoka kitabu, neno likahamia mahali kitabu kinaposomewa: mtoto akapelekwa *chuoni* kusoma Kurani. Aliyebobea katika elimu hiyo akaitwa *mwanachuoni*. Leo tunasema chuo cha ualimu na chuo kikuu, na anayesoma huko ni *mwanachuo*. Mwanachuoni na mwanachuo wanatenganishwa na herufi mbili tu, lakini kati yao pana karne nzima ya mageuzi. Hata *kuhitimu*, tunakokusherehekea kwa majoho na picha, kulianza kwa mtoto aliyekamilisha msahafu, wazazi wake wakampelekea mwalimu zawadi.

Nimeyatanguliza maneno haya kwa sababu yanauliza swali ambalo historia ya mafunzo ya ualimu katika Afrika Mashariki haijalimaliza. Kitu kilichotoka ng'ambo huwa chetu lini? Na pale mtu anaposema "hii ndiyo jadi yenu, na watoto wenu wafunzwe kwayo", ana haki gani ya kusema hivyo? Kwa muda wa miaka mia moja kila aliyekuja kurekebisha mitaala ya walimu ameahidi kuyapatanisha mawili: mila za watu na maarifa ya ulimwengu. Nitayatazama hayo hasa kupitia vyuo viwili vya Kenya visivyokuwa mbali, Kabete na Githunguri, kisha nivuke kwenda Unguja na Tanganyika ambako swali lilelile lilijibiwa kwa namna nyingine.

Ualimu kabla ya mtaala

Kabla ya kuwapo idara za elimu, mwalimu alifanywa na mwalimu. Katika chuoni cha pwani, kijana aliyekwisha kupita Juzuu Amma na kuendelea mbele aliwekwa kuwasikiliza wadogo wake wanaoandika alifu na be katika ubao. Akikua, alikwenda kukaa kwenye darsa ya shekhe msikitini, akasoma kitabu baada ya kitabu, hadi alipopewa ijaza, yaani idhini ya kukifundisha alichokisoma. Ijaza haikutolewa na jengo wala na ofisi. Ilitolewa na mtu kwa mtu, na mtoaji alijua kwamba jina lake linatembea na yule aliyempa.

Bara nako kulikuwa na walimu ingawa hawakuitwa hivyo. Jando na unyago vilikuwa na manyakanga na makungwi wao. Huko pwani, mwanamke anayemfunda mwari huitwa *somo*, na ni jambo la kupendeza kwamba neno hilohilo ndilo tunalolitumia kwa kipindi cha hisabati au jiografia. Lugha imekataa kumtenganisha mfundishaji na kifundishwacho. Waliopitia mikono ya watu hao walijifunza vitendawili, nyimbo, mafumbo na adabu. Walijifunza pia utii, mara nyingine uliopita kiasi, na wengine walibeba maumivu ambayo hawakuyachagua. Tusiipambe jadi kwa maua tu. Tutalirudia hilo tukifika mlimani.

Msomi wa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, alitueleza mengi ya maisha hayo katika maandishi yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Mtoro mwenyewe alikwenda Berlin mwaka 1900 kuwafundisha Kiswahili Wajerumani. Kwa hiyo, kabla ya mwalimu wa Afrika Mashariki kuandikiwa mtaala na wageni, mtoto wa chuoni alikuwa amekwisha kusimama mbele ya darasa la Ulaya.

Jadi iliyokuja kwa meli

Mwaka 1924 ilifika Afrika Mashariki tume iliyogharimiwa na mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani. Mwenyekiti wake alikuwa Thomas Jesse Jones, mzaliwa wa Wales aliyewahi kufanya kazi katika taasisi ya Hampton kule Virginia. Miongoni mwa wajumbe alikuwamo Mwafrika mmoja, James Emman Kwegyir Aggrey wa Pwani ya Dhahabu, mwalimu na msemaji aliyewavuta watu kila alipopita. Tume ilipita Kenya, Uganda, Tanganyika, Unguja na nchi nyingine, na ripoti yake ikatoka mwaka uliofuata.

Ushauri wake mkuu ulikuwa huu: shule ya Mwafrika isinakili shule ya Uingereza. Ilinganishwe na maisha ya kijiji, yaani kilimo, afya, kazi za mikono, malezi ya nyumbani na tabia njema. Mwaka huohuo wa 1925 serikali ya Uingereza nayo ilitoa waraka wa sera ya elimu kwa makoloni yake ya Afrika, ukisisitiza kwamba elimu ifuate fikra, kazi na mila za watu mbalimbali.

Ukiyasoma maneno hayo leo unaweza kuyapigia makofi. Ni nani kati yetu asiyetaka elimu inayoheshimu mila? Lakini swali la lugha hapa ni swali la haki: nani ametamka neno *mila*, na kwa ajili ya nani? Mfano ulioletwa haukutoka katika kijiji chochote cha Afrika. Ulitoka kusini mwa Marekani, katika Hampton iliyoanzishwa mwaka 1868 na Tuskegee ya mwaka 1881, ambako watoto wa waliokuwa watumwa walifunzwa kazi za mikono katika nchi iliyowanyima kura. Mila za Mwafrika zilikuwa zimekadiriwa upande wa pili wa bahari, zikafungwa, zikaletwa bandarini zikiwa na lebo inayosema "za asili".

Kutokana na ushauri huo kukaanzishwa mwaka 1925, nje kidogo ya Nairobi, chuo cha Jeanes huko Kabete. Kiliitwa kwa jina la Anna T. Jeanes, bibi tajiri wa Philadelphia ambaye fedha zake zilisaidia shule za Wamarekani weusi vijijini. Kule Virginia, mwaka 1908, Virginia Estelle Randolph, mwalimu mweusi, aliteuliwa kuzizungukia shule za wilaya yake na kuwaonyesha walimu wenzake namna ya kuboresha masomo na mazingira. Yeye ndiye wa kwanza kuitwa mwalimu wa Jeanes, na kazi yake ndiyo iliyoigwa Kabete. Mkuu wa kwanza wa chuo, James Dougall, alikuwa katibu wa ile tume.

Kabete ilikuwa na mambo ya kusifiwa, na ni dhuluma kuyanyamazia. Mwalimu alikuja na mkewe na watoto, wakaishi katika nyumba za mfano, mke naye akifunzwa. Walisomea usafi wa maji na vyoo, chakula cha mtoto, upandaji wa miti, bustani ya shule, useremala, na namna ya kuwasaidia walimu wa shule ndogondogo za vijijini bila kuwadhalilisha. Wazo kwamba mwalimu ni mtu wa kijiji kizima, na kwamba mwalimu mzoefu amtembelee mwenzake darasani badala ya kumpelekea barua ya onyo, lingali na thamani hadi leo.

Kasoro ilikuwa katika mipaka. Mtoto wa mlowezi hakulinganishwa na kijiji. Mwaka 1931 shule ya Prince of Wales ilifunguliwa Nairobi kwa wavulana wa Kizungu, na huko mtaala ulifuata desturi za shule za Uingereza. Mzazi wa Kiafrika aliyaona yote mawili kwa jicho moja: jembe kwa mwanawe, cheti cha ukarani na utawala kwa mwana wa mwingine. Alijua kilimo kabla ya tume kuzaliwa, na hakuhitaji kupeleka mtoto shule ili akafundishwe kushika mpini. Alipoambiwa kuwa hiyo ndiyo mila yake, aliisikia sauti ya mtu anayemfungia mlango huku akimsifia uzuri wa chumba.

Mlimani: chuo cha marika

Mwaka 1929 mgogoro ulilipuka katika nchi ya Agikuyu. Baadhi ya makanisa ya kimisheni yaliwataka waumini wao, na walimu kwa namna ya pekee, waape kuiacha tohara ya wasichana. Walioapa walitia sahihi au alama ya dole gumba. Walimu waliokataa walipoteza kazi, na watoto wengi wakaondoka katika shule za misheni. Siasa zilijibiwa kwa sanaa: wimbo wa ngoma ulioitwa *muthirigu* ukasambaa, beti zake zikiwachoma wamisheni na machifu, hata serikali ikaupiga marufuku mwaka 1930.

Hapa inatupasa tusimame na kusema kweli. Desturi iliyogombaniwa iliwaumiza wasichana, na leo sheria ya Kenya inaikataza. Waliokuwa wakipimana nguvu juu ya miili ya mabinti hao walikuwa hasa wanaume, wa kanisani na wa barazani. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba katika mtaala wa walimu jadi yote iingie na kigeni chote kitoke, mwaka 1929 unatosha kumjibu. Lakini mwaka huohuo unamjibu pia yule anayedhani watu huacha desturi kwa kutishwa kufukuzwa kazi.

Kutokana na mfarakano huo shule huru zilikua kwa kasi. Watu walijenga wenyewe, wakachanga wenyewe, wakaajiri wenyewe. Upungufu wao mkubwa ulikuwa mmoja: walimu waliofunzwa. Misheni ndizo zilizokuwa na vyuo, na wakaguzi hawakuchoka kuutaja udhaifu wa walimu wa shule huru.

Ndipo alipotokea Mbiyu Koinange, mwana wa chifu mkuu Koinange wa Mbiyu. Alikwenda Marekani mwaka 1927, akasoma Hampton, kisha Ohio Wesleyan na Columbia, akarudi mwaka 1938. Msomaji atazame vizuri: Hampton, pale palipolea wazo la Kabete. Kijana huyu alikunywa maji ya kisima kilekile, lakini aliporudi hakuanzisha Kabete ya pili. Mwanzoni mwa 1939 kilifunguliwa Githunguri chuo cha walimu wa Kiafrika cha Kenya, yeye akiwa mkuu wake.

Fedha za chuo hicho zilipatikanaje? Kwa *riika*. Katika utaratibu wa Agikuyu, waliotahiriwa pamoja huwa rika moja, na rika huwa na jina, heshima na wajibu wa pamoja maishani. Koinange na wenzake waliwaomba watu wachange kwa marika yao, rika likishindana na rika. Kile chombo cha kale cha kupanga vita, ndoa na ushauri kikageuzwa kuwa chombo cha kujengea madarasa. Na madarasa hayo yalijengwa ili kutafuta nini? Kiingereza, hisabati, sayansi, mitihani ile iliyofungua milango ya ajira na vyuo vya juu.

Hapo ndipo penye fundisho la visa hivi viwili. Kabete, iliyoundwa na wageni, ilifundisha kile wageni walichokiita mila. Githunguri, iliyoundwa na wenyeji kwa chombo cha mila, ilidai maarifa ya ulimwengu. Jadi haikuwa katika orodha ya masomo. Ilikuwa katika namna watu walivyokutana, walivyochanga na walivyoamua. Jomo Kenyatta, ambaye mwaka 1938 alikuwa amekwisha kueleza katika kitabu chake Facing Mount Kenya mfumo wa malezi ya Agikuyu kuwa elimu kamili, aliporudi kutoka Uingereza ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa Githunguri.

Jambo moja hutuuma sisi watu wa Kiswahili, na ni heri tulitamke. Wazazi wa shule huru walitaka watoto waanzishwe Kiingereza mapema. Serikali ndiyo iliyohimiza lugha za wenyeji katika madarasa ya chini. Kwa hiyo lugha zetu ziliingia shuleni zikiwa na doa: zilionekana kuwa lugha za kumchelewesha mtu. Mzazi hakuichukia lugha ya mama yake. Alikataa kufungiwa ndani yake. Ukipenda kujua kwa nini hadi leo mzazi masikini anauza mbuzi ili mwanawe akasome shule ya Kiingereza, sehemu ya jibu iko katika miaka ile.

Mwisho wa Githunguri ulikuwa mchungu. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, chuo kilifungwa pamoja na shule huru. Mahali palipofunzwa walimu pakageuzwa kuwa mahali pa kunyongea watu. Sijui kama kuna sitiari inayoweza kuongeza neno hapo.

Unguja: walimu wakazungumza

Tuvuke bahari, tukalitazame swali hilihili mahali ambapo jadi ilikuwa na kitabu. Unguja ilikuwa na sultani, Ali bin Hamud, aliyesomeshwa Harrow nchini Uingereza, na mji uliojaa vyuoni. Idara ya elimu ilipoanzishwa mwaka 1907 chini ya Rivers-Smith, ambaye baadaye aliiongoza pia elimu ya Tanganyika, ilidhani kwamba jengo zuri na daftari vitawavuta watoto. Wazazi wengi walibaki nyumbani na watoto wao. Kwao shule isiyokuwa na Kurani ilikuwa nusu ya shule. Hatimaye Kurani na dini vikaingizwa katika ratiba, na walimu wa chuoni wakapata nafasi ndani ya shule ya serikali. Mtaala haukushinda kwa hoja. Ulilazimika kumkaribisha mwalimu aliyekuwapo.

Nacho chuo cha kufunza walimu cha Unguja, ambako L. W. Hollingsworth alifundisha kwa miaka mingi, kilizaa kitu ambacho wapenzi wa lugha wanapaswa kukikumbuka: gazeti la Mazungumzo ya Walimu, lililoanza mwaka 1927. Mwalimu aliyepelekwa shule ya shamba, mbali na wenzake, alipata mahali pa kusoma na kuandika kwa Kiswahili juu ya historia, lugha na malezi. Gazeti hilo halikuwa huru na fikra za kikoloni kuhusu nani mstaarabu na nani si mstaarabu, na wenye kuchunguza historia ya visiwa hivyo wameonyesha jinsi fikra hizo zilivyowaachia watu majeraha. Hata hivyo tendo lenyewe lina uzito: walimu waliufikiri ualimu wao kwa maandishi, katika lugha waliyofundishia. Mageuzi yaliyopata gazeti la walimu yana njia ya kusahihishwa. Yasiyokuwa nalo huishia katika makabati ya wizara.

Mwalimu aandika mtaala

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilipata kiongozi ambaye jina lake la kazi lilikuwa ndilo jina lake la heshima. Julius Nyerere alisomea ualimu Makerere, akafundisha Tabora, kisha Pugu. Machi 1967 alitoa Elimu ya Kujitegemea. Ndani yake shule ilitakiwa iwe jamii inayofanya kazi, yenye shamba lake, na elimu ya msingi iwe kamili kwa mtoto asiyeendelea mbele. Mwalimu akatakiwa awe mtu wa kijiji kizima.

Msomaji atauliza: je, hilo si jembe lilelile la 1925? Kwa sura, ndilo. Tofauti ilikuwa katika mambo mawili. La kwanza, halikuwekewa rangi moja na kuondolewa nyingine. Ubaguzi wa shule kwa rangi ulikuwa umekwisha kufutwa, na wito ulikuwa wa taifa zima. La pili, lilijadiliwa kwa Kiswahili, kuanzia bungeni hadi barazani, na vyuo vya walimu wa shule za msingi vikafundisha kwa lugha ambayo mwalimu angeitumia darasani. Wazo likiwa katika lugha ya watu, watu huweza kulishika na kuligeuza, na hata kulicheka.

Washairi hawakukaa pembeni. Mathias Mnyampala aliichukua ngonjera, mashairi ya kujibizana, akaifanya chombo cha kufundishia. Vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, na uwanja wa shule ukawa jukwaa. Wanafunzi wawili walisimama, mmoja akiupinga ubeti wa mwenzake kwa vina vilevile. Ujumbe ulikuwa wa siasa ya wakati ule, na mara nyingi mshindi alijulikana kabla ya ubeti wa kwanza. Lakini mwalimu aliyeandaa ngonjera alilazimika kuhesabu mizani, kutafuta vina, kusikiliza hoja ya upande wa pili na kumfunza mtoto kusimama mbele za watu. Huo ulikuwa ualimu, na ulikuwa umetoka ndani ya lugha.

Kisha likaja azimio la Musoma la Novemba 1974: elimu ya msingi kwa kila mtoto ifikie mwaka 1977. Walimu hawakuwapo wa kutosha. Kuanzia 1976 vijana waliomaliza darasa la saba walianza kufunzwa wakiwa vijijini mwao, wakifundisha na kusoma kwa wakati mmoja, kwa masomo ya barua, kwa redio na kwa msaada wa wakufunzi wa kata. Mashirika ya kimataifa yalichangia, lakini lugha ya masomo ilikuwa Kiswahili. Zaidi ya 35,000 walifuzu kwa njia hiyo. Mitaani wakapewa mzaha: herufi za UPE, zilizosimama kwa jina la mpango huo, zikasomwa "Ualimu Pasipo Elimu". Mzaha ulikuwa na ukweli ndani yake, maana wengi walikuwa wadogo mno na mzigo ulikuwa mkubwa mno. Lakini mtu aliyeujua wimbo wa kwanza wa kuhesabu, mahali ambapo hapakuwa na darasa kabla, aliujua kwa mdomo wa mmoja wa vijana hao. Na shamba la shule nalo lilianza kuonekana na wazazi kama adhabu, pale mavuno yalipokwenda kusikojulikana. Hata wazo la nyumbani huwa la kigeni likitolewa kwa amri.

Njia panda

Mwaka 1982 tume ya Rais ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika sekondari pia, kuanzia mwaka 1985. Pendekezo lilikataliwa. Uchumi ulikuwa umeanguka, wafadhili walikuwa mlangoni, na kabla ya muongo huo kumalizika msaada wa Uingereza ukaja kuimarisha Kiingereza mashuleni. Tangu hapo mwalimu wa Tanzania akafunzwa katika nyumba mbili: ngazi ya cheti kwa Kiswahili, ngazi ya stashahada na kuendelea kwa Kiingereza. Kadiri anavyopanda katika elimu ya ualimu ndivyo anavyopokea maarifa ya kazi yake katika lugha iliyo mbali zaidi na maswali ya wanafunzi wake.

Siku hizi upepo unavuma kutoka upande mwingine. Kenya ina Mtaala wa Umilisi, na vyuo vyake vya ualimu wa shule za msingi vimehama kutoka cheti kwenda stashahada. Tanzania inasema umahiri. Wazo ni moja, limezunguka dunia nzima, nasi tumelipa majina mawili kabla ya kukubaliana maana. Wengine hulalamikia jambo hilo. Mimi naliona kuwa dalili njema, mradi kazi isiishie kwenye jina. Mwalimu wa darasa la pili, akiulizwa na mzazi getini umilisi ni kitu gani, aweze kujibu kwa sentensi tatu za Kiswahili na mfano mmoja wa mtaa wake. Akishindwa, mtaala huo bado uko bandarini, haujashuka melini.

Turudi basi kwenye neno la mwanzo. *Muallim* hakuwa wetu kwa sababu ya amri ya mtu. Alikuwa wetu siku ile mtu wa pwani alipomwita kwa mdomo wake, akampa wingi, akampa kazi, akampelekea mtoto. Kabete ilipungukiwa na hilo, kwa kuwa ilituletea sisi jadi yetu bila kutuuliza. Githunguri ililipata, kwa kuwa iliyachukua ya Hampton ikayapitisha katika riika. Wanaokaa leo mezani kuandika mitaala ya walimu wana ripoti nyingi za mataifa mbele yao. Wawaite na walimu, wawape gazeti lao, na wasikilize wanavyolitamka wanaloletewa. Nami nafunga kwa ubeti wangu mmoja, kama ilivyo ada:

Kigeni hakiwi chetu, kwa mihuri wala wino,
Hadi mwalimu wa kwetu, akipe ulimi, neno,
Akipimishe na utu, kama nguo na mshono,
Ndipo huwa mali yetu, shamba likaleta vuno.